Hatua ya Nane Iliishia Kwihara

Enzi zetu, sisi watoto wa mtaa wa Kanyenye, kumwangalia mtu akicheza gemu ilikuwa kazi ya jasho. Masanja, mwenye banda la gemu, alikuwa na sheria moja tu: anayecheza analipa, anayeangalia anachota maji. Ukishamwaga ndoo moja kwenye pipa la mkewe, ndipo unaruhusiwa kubanana kwenye benchi na kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Kizazi hiki cha bando na makochi hakiwezi kuelewa.

Gemu tulilolipenda lilitokana na filamu tuliyokuwa tumeiona kwenye kibanda cha video. Wadudu wa chuma wanashuka kutoka sayari nyingine kuja kuiba bahari yote ya dunia, jambo ambalo sisi tuliozoea maji ya ndoo hatukuliona kuwa hasara kubwa. Stelingi, shujaa wetu, anawafuata na bunduki ya mwanga, hatua kwa hatua, hatua nane.

Mchezaji wetu alikuwa dada yangu Zuhura, aliyenizidi miaka minne. Alishika pedi kama mama alivyoshika ungo, bila kuangalia mikono. Wavulana walidai anabahatisha, na akawafunga kwa hiyo hiyo bahati mpaka wakachoka kubisha. Tatizo ni kwamba banda halikuwa na memori kadi. Umeme ukikatika unaanza upya, na umeme wa miaka ile ulikuwa na tabia zake. Hatukuwahi kuvuka hatua ya sita. Tukirudi nyumbani na macho mekundu, mama alisema, "Siku yatawadondoka huko huko, msinililie mimi."

Kisha nikaugua malaria. Mdomo ulikuwa mchungu, hata matobolwa, vile viazi vikavu vya kuchemsha nilivyozoea kuviiba jikoni, yalininukia sabuni. Mama alinibembeleza, akanitisha kwa sindano, wapi. Nilichotaka ni kujua Zuhura amefika wapi, maana Jumamosi ile alikuwa ameapa kumaliza.

Jioni akaingia chumbani na kikombe cha uji wa ulezi wenye asali.

"Nimemaliza zote nane," akasema. "Lakini sisimulii bure. Usipokunywa, nanyamaza."

Hatua ya saba iliisha na kikombe cha kwanza. Ya nane ilikuwa ndefu ajabu, ikachukua siku tatu na vikombe sijui vingapi. Malkia wa wadudu, alisema Zuhura, amejificha Kwihara, nje kidogo ya mji wetu, ndani ya tembe, jumba la kale la udongo lenye paa bapa, kama lile tulilopelekwa kuliona na shule. Wadudu wake wamejipanga njia nzima ya Ujiji, wamejitwika bahari kwa ndoo, wanakwenda kuimwaga ziwani. Stelingi anafika kwenye mlango wa nakshi, anavua viatu, anatoa shikamoo. Malkia anaitikia marahaba, ndipo wanapigana. Mwisho wanapatana na kula pilau. Nikapona.

Niliamini kila neno. Darasa la tano nilichaniana sare na Rehema wa Itetemia, aliyesema hakuna tembe kwenye gemu lolote duniani. Nilichapwa, na sikubadili msimamo.

Sasa juzi namkuta mwanangu Idrisa amejilaza, anaangalia kwenye simu kijana asiyemjua akicheza gemu. Uji wake umeshika utando mezani. Yeye hachezi, anaangalia tu, tena hajachota hata kikombe cha maji! Nilikuwa na hotuba tayari, lakini nikajikuta namuuliza kama gemu letu limo. Akalipata kabla sijamaliza kulieleza. Tukaangalia kuanzia mwanzo, mimi nikichambua mchele, yeye akitaka kurukaruka mbele na mimi nikimpiga kofi la mkononi. Hatua ya sita ilipopita bila umeme kukatika nilipiga kigelegele, Idrisa akaona aibu kwa niaba yangu.

Ikafika hatua ya nane. Nikasubiri tembe. Stelingi akalipasua dude moja la chuma, akasimama juu ya jiwe, kisha yakaanza kupanda majina, mengi kama ya kamati ya harusi. Basi. Sikuona viatu wala pilau. Machozi yalinilengalenga mbele ya mtoto, sioni haya kusema.

Nikampigia Zuhura, ambaye sasa ana duka la vitambaa Igunga.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Dada, tembe liko wapi?"

"Tembe gani?"

"La hatua ya nane!"

Alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe ulikuwa bado unaamini?"

"Nimechapwa viboko kwa ajili ya lile tembe!"

Akaacha kucheka. "Umeme ulikatika hatua ya sita, kama kawaida. Nikarudi, nikamkuta mama analia jikoni, siku ya tatu hujatia kitu mdomoni. Ningekwambia umeme umekatika, ungekunywa uji?"

Siku hizi mwisho wa kila kitu unapatikana kwa kidole, na yule kijana wa kwenye simu anacheza vizuri kuliko Zuhura, nakiri. Ila hajui kama Idrisa amekula.

Nikapasha uji moto, nikakaa kando ya mwanangu. "Ile hatua haiishii pale," nikamwambia. "Kunywa nikusimulie."

Akachukua kikombe, akaniuliza kama video yake ipo. Nikamwambia haipo, anayo mama mkubwa wake peke yake, na haijawahi kukatika umeme.