Kioo cha Miwani cha Sadalla Uweso

Watu wa mtaa wa Makorora wamesema mengi, na karibu yote wameyapinda. Wamesema Sadalla Uweso, mpiga picha, alitoa picha za ukungu kwa sababu macho yake yalikuwa mabovu. Wamesema alikipaka kioo chake mafuta ya nazi na kukisomea. Baya kuliko yote, wamesema mwaka wa hamsini na sita aliwadanganya watu wa Pemba kwa picha ya bibi harusi, hata bwana harusi akaja kumgongea mlango siku ya tatu ya fungate akitaka kumpiga. Katika maneno yote hayo, la kweli ni mlango. Mlango uligongwa.

Kwanza macho. Sadalla akiwa barazani kwake aliweza kukusomea maneno ya kanga ya mwanamke anayepita mwisho wa mtaa, jambo ambalo mkewe, Mwanamkasi, hakulifurahia hata siku moja.

Pili kioo. Kilikuwa kioo cha miwani ya marehemu baba yake, Mzee Uweso, aliyesomesha Kurani Kigombe miaka thelathini. Upande mmoja wa miwani ulipasuka. Upande uliobaki Sadalla aliutoa, akaupachika ndani ya kopo la maziwa lililokatwa huku na huku na kupakwa masizi ya taa. Kopo akalichomeka kwenye sanduku la mvule alilolichonga mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa kamera. Miaka sita alikuwa amefanya kazi katika studio ya Mhindi mmoja mjini, akaondoka kwa sababu watu wa picha za pale, kwa kauli yake, walitoka kama ng'onda, samaki wa kukaushwa juani.

"Kioo cha dukani kinahesabu vinyweleo," alimwambia mkewe. "Mtu hakuja kwangu kuhesabiwa."

Mbele ya kopo aliweka duara la karatasi nyeusi lenye tundu katikati. Alikuwa nayo mawili. La tundu kubwa aliliita Huruma: mwanga uliingia kwa wingi, nguo nyeupe ikafuka kama moshi wa udi, na uso ukalainika kama uliochovywa katika maziwa. La tundu dogo aliliita Kweli. Hilo lilionyesha kila kitu, ila mtu alipaswa kutulia kama gogo mpaka Sadalla ahesabu nane, na watu wa Makorora hawajui kutulia. Kwa hiyo Kweli ilikaa mtotoni mwa meza, ikiliwa na mende.

Mpaka alipokuja Mzee Mwinyijuma wa Tongoni na binti yake, Mboni. Ndui ilimpata Mboni akiwa na miaka tisa, ikamwachia maisha na alama mashavuni. Sasa alikuwa ameposwa na Mpemba, Mjaka, mtoto wa wenye mikarafuu, na shangazi aliyemlea kijana huyo, Bi Time, alitaka picha kabla mtu hajavuka maji.

"Shikamoo, mzee," akasema Sadalla.

"Marahaba. Mwanangu, nasikia una kioo kinachofuta ndui."

"Hakifuti, mzee. Kinasahau tu."

"Basi leo kisahau vizuri."

Sadalla akaweka Huruma, akapiga. Picha ilipokauka Mwinyijuma aliishika kwa mikono miwili. "Mashaallah! Huyu ni mama yangu mzazi!"

Mboni akaitazama. "Kaka Sadalla," akauliza, "huyu akishaolewa, mimi nitakaa wapi?"

Sadalla akageukia kopo lake. Mwenye jibu alikuwa nyuma ya pazia akisahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Mwanamkasi akatoka, kalamu mkononi.

"Mume wangu, kioo hicho ni cha Mzee Uweso, na Mzee Uweso hakumdanganya mtu. Piga na kwa Kweli. Ziende zote mbili."

"Bi Mwanamkasi," akasema Mwinyijuma, "wewe umesoma sana."

"Ndiyo, mzee. Nimesoma."

"Lakini nani anayeuza papa akaanza kuonyesha palipooza?"

"Baba," akasema Mboni, "mimi si papa."

Mzee akashindwa, ila hakushindwa kimya. Posa ikivunjika, alisema, Sadalla atakwenda Tongoni kwa miguu yake kumweleza mama wa binti. Na yeye Mwinyijuma atapita kila msikiti kutoka Tongoni hadi Kigombe akiwaambia watu wasikae mbele ya lile kopo. Hakuwa mtu wa kutishia bure. Mkate wa Sadalla wote ulitoka kwenye lile kopo.

Mboni alikaa kwa Kweli, akatulia mpaka nane bila kupepesa. Alama zote zilitoka. Yakatoka pia macho yake, yale macho ya mtu anayekaribia kukucheka.

Picha zikavuka Pemba katika bahasha moja. Wiki tano Sadalla hakumaliza sahani ya wali. Kisha barua ya Bi Time ikaja kwa Mwinyijuma, na mzee akaileta Makorora isomwe na mwenye kusoma. Mwanamkasi akasoma kwa sauti:

"Picha ya ukungu tumeipokea kwa furaha. Tumeona mmemfunika binti yenu kwa nuru, na wazee wetu wamesifu stara ya watu wa pwani yenu ya Mrima. Lakini ile ya pili, jamani! Mtoto wa watu kaanikwa uso mpaka vinyweleo! Nimeifungia kashani, na hapana mwanamume atakayeiona. Harusi ni mfunguo mosi, Ramadhani ikiisha."

Mwinyijuma alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Sadalla akakaa chini.

"Nimekwisha," akamwambia mkewe mzee alipoondoka. "Nimesema kweli, na kweli imetiwa kufuli. Kijana anakuja kumwoa chandarua!"

"Utakula leo?"

"Sili."

Harusi ikafanyika Tongoni. Sadalla alialikwa, akabaki Makorora. Siku ya tatu asubuhi mlango ukagongwa kama unaodaiwa roho. Nje amesimama kijana aliyejitanda shuka kichwani kama mgonjwa wa homa, baiskeli ya kuazima imelala nyuma yake. Kila mtu wa pwani anajua bwana harusi hatoki nje mpaka fungate itimie siku saba. Alijua pia Safari, muuza kahawa, aliyekuwa akipita na dele lake, akamtambua kijana, akasimama.

Kijana akaingia, mlango ukafungwa. Sadalla akaiweka meza kati yao.

"Wewe ndiwe mwenye kioo kilichompiga mke wangu?"

"Ndugu yangu, nilipiga mbili. Naapa. Mke wangu shahidi, yuko nyuma ya pazia."

"Najua mbili. Ile ya kashani niliiona."

"Uliionaje? Shangazi yako ameifungia!"

"Ufunguo anauficha ndani ya mtungi wa mchele tangu mimi mtoto. Ile ndiyo iliyonivusha. Ile nyingine ningejuaje kama ni mtu au mvuke wa chungu?"

Nyuma ya pazia, Mwanamkasi alikaa kitini kwa mara ya kwanza tangu mfunguo mosi uandame.

"Sasa umekuja kunipigia nini?" akauliza Sadalla.

Mjaka akavua shuka. Masikio yakatangulia, yeye akafuata.

"Siku ya tatu leo ananicheka," akasema kwa unyonge. "Anasema yeye kajileta na ndui zake zote, mimi sikuleta picha hata ya kisigino. Anaidai. Basi nipige, bwana, lakini kwa lile tundu kubwa."

"Yeye kakupa Kweli, wewe unataka kumpa Huruma?"

"Ndui ni amri ya Mungu. Masikio haya ni ya mjomba wangu."

Sadalla alicheka, kisha akala mkate mzima wa mkewe uliokuwa mezani. Akampiga Mjaka mbili, moja kwa kila tundu, na tangu siku hiyo kila aliyekaa mbele ya kopo alipewa zote mbili, atake asitake. Kabla ya kuondoka Mjaka alimwapisha: asijue mtu kwamba alitoka fungateni kwa ajili ya masikio.

Dele la Safari likafanya kazi yake. Kufika adhuhuri, katika masimulizi ya mtaa, ngumi zilikwisha kurushwa, meza ilikwisha kupinduliwa, na bwana harusi alikwisha kurudi Pemba peke yake. Sadalla angeweza kuyafuta yote kwa neno moja. Hakulisema. Miaka kumi na minane alikunywa kahawa ya Safari, akaisifu, akaingia kaburini na ahadi yake.

Sasa Mjaka naye ametangulia, na aliyebaki na haki ya ahadi ni Mboni, bibi mwenye wajukuu kule Wete. Amemwandikia Mwanamkasi: "Andika, dada. Masikio yenyewe yamekwisha kuzikwa."

Neno limeandikwa. Sadalla Uweso hakumdanganya mtu, na kioo cha baba yake ni safi, hakina mafuta.

Wapo wanaouliza Mboni aliitundika ipi chumbani kwake, ya Huruma au ya Kweli. Mwanamkasi anajua. Hasemi.