Mjapani Analala?

Baba yangu alipigana na Wajapani kule Burma, akarudi Jinja na sikio moja zima na Kiswahili cha kambini kisichokubali kusahihishwa. Mpaka uzeeni, Mjapani kwake alikuwa mtu aliyejificha mtini na bunduki.

Mchana mmoja redio ilisema majeshi ya Amerika yataendelea kukaa Japani, kuilinda dhidi ya Mrusi. Baba alinisogezea lile sikio zima nimrudilie habari hiyo. Nikamweleza kwamba Mwamerika aliichoma miji ya Mjapani, kisha wakaandikiana mkataba, na sasa Mwamerika anakaa kwa Mjapani na silaha.

"Kumbe Amerika iko askari ya Mjapani?"

Kwetu askari ni wa jeshi, na askari ni wa getini pia. Baba alimaanisha wa getini, nami nikamwacha. Akauliza tena.

"Na Mjapani analala?"

Nikaizima redio.

Wakati huo tulikuwa Namatala, mjini Mbale. Tulihama Mpumudde, kule Jinja, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kwa sababu kaka yangu alishushwa garini kwenye kizuizi cha barabarani, akapakiwa kwenye lori la jeshi, na mama hakuweza tena kuitazama barabara ile. Tulifungua duka la nafaka uani kwetu. Wezi wakatuzoea.

Wiki ileile akaja mtu wa kaskazini, mwanajeshi wa zamani, kuomba kazi ya ulinzi. Alivua kofia. Kabla hajaulizwa lolote akasema anatujua, na hataki tuje kusikia kwa mtu mwingine.

"Afande, mimi nilikuwa pale rodibloki. Mimi ndiyo nilinyanyua ile mti, lori ikapita."

Mama alikuwa akipepeta maharage. Hakuacha kupepeta. Mimi nilingoja hasira ije, haikuja. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi. Baba akamuuliza lori lilielekea wapi. Hakujua.

Alipotoka, mama alisema mara moja tu kwamba huko ni kumkabidhi fisi bucha. Baba akajibu zimwi likujualo halikuli likakwisha, na huyu angalau hakutudanganya. Akamwajiri. Nilimwona baba mpumbavu.

Geti letu lilikuwa mti mmoja uliolazwa juu ya magogo mawili. Kila asubuhi nikienda shuleni kufundisha, yule mtu aliuinua, nikapita. Miaka ikaenda hivyo. Sikumsalimia hata siku moja. Mrusi akaanguka, na redio ikasema Waamerika bado wapo Japani, maana sasa kuna Mchina. Baba akacheka, akasema askari hakosi mwizi.

Halafu asubuhi moja niliamka nikakuta majirani wamejaa uani. Askari wetu alikuwa amekaa chini, kichwa kimefungwa leso ya mama, damu imepenya. Wezi walikuja na mapanga. Alipigana nao peke yake akipiga kelele mpaka watu wakatoka nyumba zote, wakawafukuza. Kila mtu alikuwa na lake la kusimulia. Mama akaniuliza mbona mimi sikutoka.

Nikasema sikusikia kitu.

Baba alinitazama. Nilikuwa nimelala, tena usingizi mzito. Kaka yangu alikuwa hajarudi, na aliyelifungulia lile lori njia ndiye aliyekuwa getini.