Siku ya Pili ya Jembe

Niliporudi kwa mama baada ya talaka, miaka michache kabla ya Mapinduzi, nilimkuta anahangaika na maji. Shamba lake la mpunga lilikuwa la mwisho kabisa katika bonde letu karibu na Mtambile, na mfereji wa bonde ulikuwa haujapata kufika kwake. Alitegemea mvua, na mvua zilikuwa zimemchosha. Mwaka ule miche ilikuwa tayari kitaluni. Ikikawia kupandikizwa, ingekomaa hapo hapo na isizae.

Ruhusa ya maji ilitolewa na wazee wa bonde, waliokaa barazani pa msikiti baada ya alasiri. Ada haikuwa fedha. Kila mwenye shamba alitoa siku mbili za jembe kuusafisha mfereji kuanzia kwenye chemchemi. Mjomba alitumwa kwanza, akarudi na jibu kwamba wanafikiria. Akatumwa tena, jibu likawa hilo hilo. Mwisho mama akavaa buibui akaenda mwenyewe, nami nyuma yake.

Walimkubalia, kwa ada ya siku mbili kama wengine. Mama akauliza, bila kupandisha sauti:

"Wenzangu wanamwagilia kwanza, mimi napata yanayobaki. Mbona jembe letu ni sawa?"

"Basi, Bi, lisogeze shamba lako juu," alisema mmoja, na wenzake wakacheka.

"Nitalisogeza. Wewe utashika upande gani?"

Wakacheka tena, safari hii wakimcheka yule bwana. Wakashauriana, wakaona mama ana haki, wakampunguzia: siku moja tu. Njiani alitembea kama mtu aliyetua mzigo.

Tulichimba siku yetu. Jioni ya siku ya pili, wachimbaji walipomaliza, walikaa pale pale chemchemi wakapanga zamu za maji. Ndivyo walivyozoea, nasi hatukuwapo. Hapakuwa na wa kutusemea, tukapewa zamu ya mwisho na fupi kuliko zote. Maji yalipotufikia hayakufunika hata kisigino, na miche ilikwisha geuka manjano. Tuliipandikiza hivyo hivyo. Mavuno yale hayakutufikisha Ramadhani.

Msimu uliofuata mama alibeba jembe siku ya pili pia. Mzee aliyesimamia zamu akamkumbusha kwamba hadaiwi.

"Najua, Shehe," alisema. "Nimekuja kukaa."

Akachimba hadi jioni, kisha akaketi nao ukingoni, matope magotini, akingoja waanze kupanga.