Mtu wa Bladensburg Aliyefuatilia Safari za Bastola

Nilikuwa kwenye foleni ya duka la vyakula hapa Beltsville, nimeshika ndizi mbichi zilizouzwa kwa bei ya aibu, simu yangu ilipolia. Ujumbe wa kundi letu la Waafrika Mashariki ulisema mwenzetu wa Bladensburg, yule mzee wa bastola, amefariki. Moyo ulisimama akiwa peke yake nyumbani, na jirani wa ghorofani ndiye aliyegundua, baada ya kuona taa ya mlangoni inawaka mchana kutwa. Watu wakaanza kuandika pole zao, na kabla pole hazijakwisha mmoja akauliza, "Huyu kwao ni wapi? Tuanze mipango ya kumsafirisha." Watu wakaendelea kuandika pole. Nililipia ndizi zangu nikaenda kukaa garini bila kuwasha injini, na nikaona upweke ambao sikuutarajia, maana huyu bwana hakuwa rafiki yangu. Tulifahamiana tu.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba mimi na silaha hatupikiki chungu kimoja, kwa hiyo naomba nieleze mzee wa bastola alikuwa mzee wa nini. Alikuja nchi hii kusoma, masomo yakamshinda kwa njia zile zile zinazowashinda wengi, akaishia kuwa mtunza wazee. Mzee wake wa mwisho alikuwa Mmarekani wa Woodbridge aliyekusanya rivolva za kale, zile bastola zenye silinda inayozunguka, na macho ya mzee yule yalikuwa yamekwisha. Basi mwenzetu akawa anamsomea: vitabu vya minada, barua za viwanda, matangazo ya magazeti ya zamani. Kila rivolva ina namba yake iliyogongwa chini ya mpini. Ukikiandikia kiwanda, kama bado kipo na vitabu vyake havikuungua, wanakujibu kwamba bunduki hii ndogo ilitoka mwezi fulani, ikapelekwa duka fulani, mji fulani. Mzee alipofariki, wakusanyaji wenzake wakaendelea kumpigia simu mwenzetu, na kazi ya kusoma ikageuka kuwa kazi ya kutafuta. Yeye mwenyewe hakuwa na bastola hata moja. Lakini nenda kawaeleze watu hayo kanisani. Wengi waliamini anauza silaha, na akina mama wakimwona anakuja na bahasha zake walivuta watoto upande wa pili, kwa heshima, huku wakimwamkia.

Jumamosi moja aliniomba nimpeleke Baltimore, kwa kuwa hakuwa na gari na mimi sikuwa na mtu wa kunizuia kutoka nyumbani. Alitaka kuona mahali palipokuwa na duka la misumari na majembe, ambako kiwanda kilipeleka rivolva ya yule mzee wake wa Woodbridge. Ukoo wa mzee uliamini tangu zamani kwamba babu aliinunua huko magharibi, kwenye nchi ya ng'ombe na farasi, na jibu la kiwanda lilipokuja na jina la Baltimore, mwenzetu ndiye aliyepaswa kumsomea kipofu yule habari hiyo. Nilimuuliza kama hakushawishika kudanganya kidogo. Akasema hapana, alisoma kama ilivyo, mzee akamwambia asome tena. Tulipofika tukakuta duka la kufulia nguo. Mwenzetu alivua kofia, akaingia, akamsalimia mama mmoja aliyekuwa anakunja mashuka, akamuuliza pale palikuwa na nini zamani. Yule mama akasema tangu yeye aanze kuja ni mashine tu. Mwenzetu akashukuru kana kwamba amepewa kitu kikubwa.

Garini nilimtania. "Mzee, umenichosha. Petroli yote hii, bastola ilitoka hapa, basi babu wa watu alikuwa mwongo."

"Bwana Mtanzania, usiharakishe," akasema. "Kitabu kinasema ilikopelekwa. Hakisemi ilikokwenda. Hapa ni mahali ilishushwa tu. Kutoka hapa ingeweza kufika magharibi mara mbili na kurudi. Hiyo safari ingine hakuna mtu aliandika, ni watu walikuwa wakumbuke."

Ndipo nikamuuliza swali letu la kawaida, lile tunalomuuliza kila mtu mwenye ngozi kama yetu akifungua mdomo na Kiswahili kikatoka: kwao ni wapi. Akajibu Bladensburg. Nikacheka, nikamwambia sina maana hiyo. "Najua," akasema. "Nikiwaambia Wakenya wenzangu Bladensburg, wanasema hapo ni pa kulala tu, ocha, kule kijijini kwenu, ni wapi? Nikisema Kitale, wanasema aaa, Kitale, na mazungumzo yanaisha. Nilitoka Kitale nikiwa kijana. Mambo yangu yote mengine yalinipata hapa, na hakuna mtu huyauliza."

Kwa kuwa foleni ya magari ilikuwa ndefu na mimi ni mbishi, nikamuuliza Bladensburg pana nini. Alizungumza mpaka tukafika mlangoni kwake. Aliniambia zamani meli kubwa zilipanda mto Anacostia mpaka pale kupakia tumbaku, kabla tope halijaujaza mto, na kwamba kila jioni alitembea kando ya maji akikisia meli zilifunga kamba wapi. Aliniambia kuna benchi linalopata jua wakati wa baridi. Aliniambia kinyozi wake alivyolia alipofiwa na mama yake, na kwamba yeye mwenyewe aliagana na mkewe kwa mara ya mwisho kwenye kituo cha basi, na kila anapopita pale huangalia saa bila sababu. Akiwa anashuka akasema, "Mimi nitabaki hapa, hata nikifa." Alisema kama mtu anayetaja zamu yake ya kesho.

Kwa hiyo kamati ya mazishi ilipokutana ukumbini mwa kanisa, mimi peke yangu nilikuwa na la kusema, na niliposema hakuna aliyelitaka. Wenzetu Wakenya wana desturi nzuri ambayo sisi wengine tunaionea wivu: mtu akifa ugenini, watu hawalali mpaka wampandishe ndege. Mwenyekiti, mama muuguzi mwenye sauti ya kutuliza wodi nzima, alinisikiliza kwa adabu. "Ndugu yangu, hayo ni ya kuongea tu kwa gari," akasema. "Mwacha asili ni mtumwa. Hatuwezi acha mtu wetu hapa kama hana kwao." Nilitaka kubisha, lakini asiyekuwapo na lake halipo, na aliyekuwa na haki ya kubisha alikuwa amelala kwenye jokofu la hospitali. Kesho yake ikapatikana namba ya mtoto wa kaka yake. Mwenyekiti akaweka simu mezani, sauti tukaisikia sote.

"Samahani, mumesema ni nani?" Sauti ilikuwa ya kijana mstaarabu, tena mwenye huruma. "Huyo nilimsikia tu kwa baba. Sasa, auntie, shamba liliuzwa kitambo. Sisi tumepanga nyumba Eldoret. Mkimleta, mimi sijui nitamweka wapi. Mzikeni huko tu, na Mungu awabariki."

Mwenyekiti alizima simu, akakaa akiitazama. Sikuona furaha ya kushinda. Na hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Kamati yetu inajua kupeleka mtu. Haijui kubaki naye. Hakukuwa na ndege ya kuwahi wala jeneza la kusindikiza uwanjani, na watu wakapungua mmoja mmoja, bila ubaya wowote, kila mtu na zamu yake. Siku ya kuzika, kwenye makaburi yasiyo mbali na ule mto, tulikuwa mchungaji, mwenyekiti aliyekuja na sare zake za kazi, kinyozi, mimi, na bibi mmoja Mmarekani mwenye mkongojo: mjane wa yule mzee wa Woodbridge. Aliniambia mwenzetu alikula kwake kila sikukuu ya Shukrani tangu mumewe afariki, na kwamba mwenzetu ndiye pekee aliyekuwa akimwomba bibi huyo asimulie ile hadithi ya babu na nchi ya magharibi, mwanzo hadi mwisho, ingawa alijua kitabu kinasema Baltimore.

Kabla ya kufunga sala, mchungaji alitoa kibao cha kusimamishwa kaburini, akauliza kwa sauti ya chini aandike marehemu alikuwa wa wapi. Alimwangalia mwenyekiti. Mwenyekiti akaniangalia mimi. Nikasema, "Bladensburg." Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali, akamshikia mchungaji kibao ili aandike.

Wosia wangu unasema nizikwe Morogoro. Tangu siku ile nimeutoa kabatini mara kadhaa na kuurudisha bila kubadilisha neno, kwa sababu bado nataka kurudi, ila sijui tena ni nani nitakayemwachia kazi ya kunipokea. Watoto wangu wanajua nilikotoka. Wanaweza kuonyesha kwenye ramani. Kama wanajua benchi langu liko wapi, sina hakika, na jana niliwapigia simu nikaanza kuwaambia. Ninachowaomba nyinyi mnaonisoma ni kidogo. Ukikutana na mwenzako huku ugenini, muulize kwao ni wapi, hiyo ni adabu yetu na isife. Lakini akishakujibu, usiondoke.