Eti Nimfinye Mtoto Alie

Nina hasira kweli!

Mnajua naimba kwenye mchezo wa kuigiza wa nyimbo, pale hotelini Meru, watu wakila.

Leo mchana meneja akamtoa Kendi wangu wa miezi mitano kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Mama Kendi, hapa si nasari!"

Sawa. Nikamfunga mgongoni na leso, nikapanda jukwaani naye.

Katikati ya wimbo akalia. Nikambembeleza huku naimba.

Watu waliacha sahani zao za mukimo, wakasimama kupiga makofi!

Sasa meneja huyo huyo anakuja akicheka: "Kesho mlete tena. Asipolia, mfinye kidogo."

Nimfinye?

Mama wenzangu, mngenyamaza?

Mimi nimemwambia kesho Kendi atalala kwenye chumba kile kile cha kubadilishia nguo, la sivyo meneja aimbe mwenyewe.