Siku Nana Araba Alipokataa Kutaja Bei

Watu wa Dwomba, kijiji chetu cha wavuvi, wanasema Araba Bentsiwa ni mkaidi tangu tumboni mwa mama yake. Mimi niliyebanika samaki ukuta mmoja naye tangu tulipoolewa nasema si kweli. Alikuwa mtu wa kucheka, mpenda soga, na akila kenkey kwako, ule ugali wetu wa mahindi, hakuachii kitu ila majani ya kufungia. Ukaidi aliupata ukubwani, na sababu yake ni samaki.

Yeye ndiye aliyekuwa konkohemaa wetu, malkia wa samaki. Mtumbwi wa kwanza ukirudi asubuhi, yeye ndiye anayeingia majini hadi magotini, anawatazama samaki, anavutana na nahodha mpaka wakubaliane, kisha anatangaza. Bei hiyo inakuwa ya pwani nzima siku ile. Kabla hajaitaja hakuna mwanamke wa kujitwika beseni, hata awe na haraka ya namna gani. Kiti hicho alikirithi kwa mama yake, na mdogo wake Ebo akarithi mtumbwi wa mjomba wao. Sisi hurithi upande wa mama, kwa hiyo Ebo akifa mtumbwi hauendi kwa wanawe, unakwenda kwa Kwamena, mtoto wa Araba.

Halafu ikaja saiko. Zile meli kubwa za kukokota nyavu hutafuta samaki wa chini, wa kuuzwa nchi za mbali. Lakini wavu wao haubagui. Hukomba na eban wetu, samaki wa mitumbwi, wakiwa bado wa urefu wa kidole. Zamani waliwatupa baharini wakiwa wamekufa. Siku hizi wanawagandisha vipande kama matofali, na mitumbwi inawafuata huko huko kwenye meli kuwanunua na kuwaleta pwani. Hiyo ndiyo saiko. Sisi Jumanne hatuvui, bahari ipumzike. Meli haina Jumanne. Mwaka hadi mwaka nyavu zetu zimekuwa nyepesi na matofali yamezidi. Mimi naichukia ile meli kuliko ninavyomchukia shemeji yangu, na shemeji yangu nina mengi ya kumsema.

Ilikuwa Agosti, mwezi wa eban, na matanuri yetu yalikuwa yamepoa hadi paka wanalala ndani. Asubuhi hiyo mtumbwi wa Ebo ukaonekana, umedidimia kwa uzito. Tulipiga vigelegele, tukakimbia na mabeseni. Araba akaingia majini kama kawaida. Akachungulia, akaona matofali ya barafu yamepangwa toka mbele hadi nyuma. Akabandua samaki mmoja, akamyeyusha kiganjani, akampasua tumbo kwa ukucha. Hamna hata dalili ya mayai. Huyo alikufa kabla hajazaa.

"Nyavu ziko wapi?" akamuuliza mdogo wake.

"Nyumbani, dada. Wewe taja bei, barafu hainisubiri."

"Mtumbwi uliotoka bila wavu haukwenda kuvua. Huu siuhesabu wa kwanza. Tungoje aliyevua."

Ebo akacheka, akidhani ni utani wao wa siku zote. Alipomwona dada yake hacheki, aliruka majini, akamsogelea na kusema kwa sauti ya chini, ingawa sisi tuliokuwa karibu tulisikia yote.

"Dada, huu mtumbwi utakuwa wa Kwamena, si wa wanangu. Ukiuangusha, unamwangusha nani?"

"Siuangushi, Ebo. Nataka uniambie tu, siku hiyo Kwamena atavua nini nao?"

Ebo akarudi kukaa juu ya mzigo wake. Tukangoja. Aliyekuwa nje na wavu ni Kow Edumadze peke yake, mzee mbishi ambaye hata kuisogelea meli hataki. Jua likapanda. Maji ya barafu yakaanza kuchuruzika, nzi wakaja, na wanawake waliopiga vigelegele wakaanza kusonya. Ekua Sekyiwa, ambaye mdomo wake hauna mlango, akasema kwa niaba ya wengi.

"Nana, kwa heshima zote, wanangu hawali ukaidi. Taja bei tukabanike."

Araba akamjibu kwa upole kwamba anajua njaa ya kila nyumba pale, na ya kwake imo. Akaendelea kusimama majini.

Mwishowe Kow akatokea. Tukamwona kwa mbali akitikisa kichwa. Alipofika, ndani ya mtumbwi mlikuwa na viwavi wa baharini na wavu uliopasuliwa katikati, meli imepita juu yake. Hapo kila mtu alijua kwamba Araba ameshindwa, hana budi kutaja bei. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaweka ngata kichwani.

Akatoka majini, akajifunga kitenge vizuri, akatugeukia.

"Leo hakuna aliyevua akarudi na samaki. Basi leo hakuna bei."

Akaenda zake nyumbani. Nilitamani kumkumbatia na kumzaba kofi kwa pamoja.

Mzigo wa Ebo uliharibika jioni, ukafukiwa nyuma ya minazi. Wiki haikuisha kabla wanawake hawajaenda kwa chifu. Hakuna aliyemtukana Araba. Walimpelekea chupa ya shinapi, ile pombe kali ya heshima, kumshukuru kwa miaka yake, wakamkalisha Ekua Sekyiwa kwenye kiti. Kila asubuhi sasa Ekua anataja bei ya matofali, haoni taabu. Kwamena yumo katika mtumbwi wa mjomba wake, anapakua matofali kama wengine.

Araba anauza kenkey bila samaki. Alfajiri yupo pwani, akimsaidia Kow kuvuta kamba, wavu uwe na kitu au usiwe nacho. Mimi nanunua saiko. Nina watoto, nifanyeje? Hao samaki ni wadogo hata wanapenya kwenye waya na kudondokea motoni.

Juzi beseni langu lilikuwa limejaa na sikuwa na wa kunitwika. Araba akaja bila kuitwa. Akaiweka ngata sawa, akashika upande wake, tukanyanyua, huku akiuliza kama kikohozi cha mwanangu kimepungua. Hakuangalia ndani ya beseni. Nilitamani aangalie, anitukane, nipate la kumjibu. Akaniambia tu niende taratibu, mchanga unateleza.