Kiti cha Kushoto

Sadala alikuwa na Landrova isiyotembea. Ilikaa juu ya magogo nyuma ya nyumba yake pale Kibiti, na kuku walikwisha kuihesabu kuwa yao. Jioni akifunga duka lake la misumari, alipanda akakaa kwenye usukani, akakitazama kiti cha kushoto. Kile kilikuwa cha mkewe, Mwanahawa, aliyekishonea kitambaa cha maua zamani, alipokuwa bado anaamini gari litatembea.

Chanzo cha yote kilikuwa utani. Siku Sadala alipokwenda Mbuchi kujitambulisha ukweni, alifika tope mpaka magotini. Bibi yake Mwanahawa, mwenye ulimi kama upupu, akamlaki mlangoni.

"Tazameni mkwe wetu, kambare mzima! Siku nyingine usije kwangu ila kwa gari!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bibi kumtania mume wa mjukuu ni desturi, na jibu lake ni utani mwingine. Sadala, maskini, hakujibu. Aliuweka moyoni, akaapa hakanyagi tena Mbuchi ila kwa gari lake mwenyewe.

Basi kila msimu wa mpunga Mwanahawa alikwenda kwao peke yake, akalala kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba, na Sadala akabaki akihangaika na giaboksi ya Landrova kuukuu aliyoinunua. Bibi alipougua, injini ilikuwa imefunguliwa. Bibi alipofariki, Sadala hakwenda mazikoni, alituma ubani, pesa ya rambirambi. Ubani! Mkwe mzima! Tangu hapo Mwanahawa hakurudi Kibiti. Hakugombana, alisema tu mpunga haujaisha, na mpunga wa mwaka huo ukawa hauishi.

Sadala akaona amalize kazi, amfuate. Akamwita Remigius, fundi aliyehamia kutoka Moshi. Fundi akaingia uvunguni, akatoka na kutu kwenye nyusi.

"Mzee Sadala, chesisi imeoza. Gari litatembea, sikatai, ila ni kulijenga upya. Mpaka mwakani, pengine na mwaka wa pili."

Sadala hakuuliza bei. Vyuma alivizoea. Alichokuwa akikipima ni mwaka mwingine wa kula wali peke yake, na upande mmoja wa kitanda baridi. Alimtamani mkewe: kikohozi chake cha alfajiri, hata ugomvi wake na kuku.

"Nifungulie kiti cha kushoto," akasema.

Kesho yake akapanda bodaboda, kiti kimefungwa nyuma kwa mpira. Karibu na mashamba pikipiki ikazama, akateremka, akajitwika kiti kichwani. Alifika chini ya dungu tope mpaka magotini.

Mwanahawa akachungulia kutoka juu, akamwita kwa jina la mwana wao. "Baba Saadi! Gari liko wapi?"

"Ndilo hili. Lililobaki nimewaachia kuku."

Mwanahawa akacheka, kisha akashuka chini.

"Bibi angefurahi. Kila gari likinguruma alikuwa akiuliza kama ni wewe. 'Yule kambare,' akisema, 'hajanijibu utani wangu.' Mpaka anakata roho alikuwa anangoja jibu, Baba Saadi."

Sadala akakitua kiti. Hakukikalia. Jibu la utani ule lilikuwa limemjia siku ile ile ya kwanza, njiani akirudi Kibiti, akalimeza kwa kiburi.

"Nipeleke kaburini kwake," akasema. "Nikamjibu."